Miguu ya mvuvi wa dagaa: kisa cha kichocho kilichoshuka mgongoni

Mgonjwa ni kijana wa miaka 24, mvuvi wa dagaa katika kisiwa kimoja upande wa Ukerewe. Alifikishwa hospitali ya rufaa mjini Mwanza jioni, amebebwa na wenzake wawili waliovuka naye kwa meli ya Nansio. Miguu ilikuwa haimsimamishi, na tangu asubuhi ya siku iliyotangulia alikuwa hajakojoa. Karatasi ya rufaa ilikuwa na maneno machache: maumivu ya mgongo, UTI isiyosikia dawa, achunguzwe TB ya uti wa mgongo. Bahasha ilikuwa na eksirei ya mgongo isiyo na kasoro, kipimo cha VVU kilichosoma hasi na kipimo cha malaria kilichosoma hasi.

Niseme mapema kwamba kijana huyu ni mgonjwa wa kufundishia. Nimemuunga kutokana na namna ugonjwa wenyewe unavyojitokeza, ili asianikwe mtu wa kweli. Ugonjwa, dawa na tafiti nitakazozitaja hapa si za kutunga.

Historia yake ilichukuliwa upya kitandani, na mengi yaliyokosekana kwenye karatasi yalipatikana hapo. Ni mzaliwa wa Singida. Alifika ziwani miezi minane iliyopita akimfuata mjomba wake ambaye ana mtumbwi na taa. Kazi yao ni ya usiku, kwani dagaa hufuata mwanga, na kadiri giza linavyokuwa nene ndivyo taa inavyowavuta. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Alfajiri wanarudi, wanashusha mzigo maji yakiwa kiunoni, wanaanika mchangani, wanalala. Saa sita mchana wanaamka, wanakwenda kuoga ziwani na kufua. Choo cha kambi kipo kimoja, tena kimejaa.

Mwezi wa pili baada ya kufika alipata homa iliyomwandama kwa karibu wiki mbili, pamoja na kikohozi kikavu na vipele vya kuwasha vilivyotokea na kutoweka. Alipewa dawa ya mseto japokuwa kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Homa iliisha yenyewe na kila mtu akaisahau, naye pia.

Mgongo ulianza wiki tatu kabla ya rufaa, chini kabisa karibu na kiuno, maumivu yakishuka mapajani. Wiki hiyo alikuwa amebeba injini ya mtumbwi kutoka majini hadi kambini, kwa hiyo sababu ilionekana wazi, akanunua diklofenaki duka la dawa. Siku chache baadaye kandambili ya mguu wa kulia ilimtoka akatembea bila kujua, mpaka mwenzake aliyekuwa nyuma akamwita airudie kandambili yake. Walicheka. Jioni ile ile alipokaa kwenye ukingo wa mtumbwi alihisi kama amekalia godoro. Makalio yalikuwa na ganzi.

Kisha mkojo ukawa wa kusukuma. Zahanati walipima, wakaona chembe kidogo za usaha, wakaandika UTI na kumpa siprofloksasini. Siwalaumu kwa kupima mkojo. Ninachokataa ni kuishia hapo. Kijana wa kiume mwenye miaka 24 ambaye mkojo hautoki na wakati huo huo miguu inamlegea, huyo hana tatizo la mkojo. Ana tatizo la mgongo, na kibofu kimejaa kwa sababu neva zinazokiamuru kijikaze hazipati nafasi ya kufanya kazi. Mkojo uliolala kibofuni unaoza, na kipimo kitaonyesha usaha. Usaha umefuata nyuma ya ugonjwa, haukuuanzisha.

Kambini nako palikuwa na maelezo yao. Kijana alikuwa na ugomvi wa fedha na mtu wa kambi ya jirani, basi ikasemwa ametegwa. Alichanjwa miguu yote miwili na kuambiwa asubiri. Siku tatu zilipita hapo. Mjomba alipoulizwa alijibu bila aibu: "Dokta, mtu mzima analala anatembea, anaamka hatembei. Wewe ungewaza nini?" Swali la haki kabisa, na jibu lake ndilo kisa chenyewe.

Jambo la kwanza lililofanyika wodini lilikuwa kuweka mpira wa mkojo. Zilitoka mililita 1,300. Kijana alivuta pumzi ndefu akamwambia muuguzi, "Kumbe nilikuwa nimejaa hivi, sista?" Akajibiwa, "Pole kaka, tulia kwanza, daktari anakuja kukupima miguu." Tazama kwamba hakuwa akilia kwa maumivu licha ya kibofu kilichofika karibu na kitovu. Kibofu chenye neva nzima kikifikia ujazo huo mtu hulia. Ukimya wake ulikuwa dalili.

Kipimo cha mwili kilionyesha hivi. Mikono mizima, kichwa kizima, macho na uso havina shida. Mguu wa kulia ulikuwa na nguvu ya 2 kati ya 5, yaani unateleza juu ya shuka lakini haunyanyuki. Wa kushoto 3. Nyundo ilipogonga goti mguu ulicheza kidogo tu, na ilipogonga kano ya kisigino haukucheza kabisa. Ganzi ilikuwa imezunguka makalio, sehemu za siri na upande wa ndani wa mapaja, mahali pale pale ambapo mtu hukalia tandiko la baiskeli. Msuli wa njia ya haja kubwa ulikuwa umelegea. Mgongo haukuwa na kibyongo, wala hakukuwa na pingili moja iliyouma ilipobonyezwa. Hakuwa na homa, hakuwa amekonda, hakutoka jasho usiku.

Ukiziweka dalili hizi pamoja, mahali pa ugonjwa panajionyesha kabla ya mashine yoyote. Ugwe wa mgongo, ule mkanda wa neva unaoshuka kutoka ubongoni ndani ya mifupa ya uti, hauendi mpaka chini kabisa. Kwa mtu mzima huishia kiunoni, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka kwenye ncha hiyo mizizi ya neva hushuka ikiwa shada. Hapo kwenye ncha ndipo kibofu, haja kubwa, sehemu za siri na visigino vinakokaa pamoja katika nafasi ndogo mno. Ugonjwa ukigusa juu ya hapo, miguu hukakamaa na nyundo huifanya iruke kupita kiasi. Kwa kijana huyu miguu ililegea. Tatizo lilikuwa nchani na kwenye shada.

Swali la nini limefika hapo ndilo lililozua mabishano. Aliyeandika TB alikuwa na sababu nzuri. Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na TB ya uti wa mgongo inajulikana katika kila wodi. Lakini TB kwa kawaida hula pingili na diski iliyo katikati yake, huchukua wiki nyingi au miezi, na mara nyingi humwacha mtu amekonda. Eksirei safi haiondoi TB, kwa sababu mfupa lazima uliwe sana kabla haujaonekana kwenye picha ile. Yaliyobaki ni uvimbe wa saratani, jipu linalobana ugwe, diski iliyotoka, kaswende, virusi, na magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia ugwe wenyewe. Kila moja lilistahili kutafutwa, na mengi yalifutwa ndani ya siku mbili.

Kisha likaja swali la maji. Daktari wa zamu alimuuliza, "Unaoga wapi?" Kijana akashangaa. "Ziwani, dokta. Wote tunaoga ziwani." Karatasi za nyuma zilionyesha kuwa kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopenya ngozi ya mtu akiwa majini, kilishaulizwa, tena zaidi ya mara moja, lakini kwa sura hii: umewahi kukojoa damu? Alijibu hapana, na mlango ukafungwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mlango huu unafungwa vibaya kila siku kando ya ziwa. Mkojo wa damu ni alama ya aina moja ya kichocho, ile ya Schistosoma haematobium, ambayo konokono wake, Bulinus, hupenda madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga. Kwa hiyo ukiwa ndani ya Misungwi au Kwimba, mbali na ziwa, swali la mkojo wa damu ni swali zuri sana. Ufukweni na visiwani mwenye eneo ni mwingine, Schistosoma mansoni, anayebebwa na konokono aina ya Biomphalaria, na minyoo wake wakubwa huishi katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai hutoka na choo kikubwa. Mkojo unabaki safi kama wa mtu yeyote. Kumuuliza mvuvi wa Ukerewe habari ya mkojo wa damu na kuridhika na "hapana" ni kutafuta kichocho cha wilaya nyingine.

Ukishajua aliishi wapi na alioga saa ngapi, ile homa ya mwezi wa pili inapata maana. Wiki mbili hadi nane hivi baada ya vijidudu kupenya ngozi, mwili usiowahi kuwaona huweza kuwaka: homa, kikohozi, vipele vya kuwasha. Huitwa homa ya Katayama, kwa jina la eneo la Japani ilikoelezwa. Huwapata zaidi wageni. Mtoto aliyezaliwa ufukweni amekutana na minyoo hii tangu akiogeshwa, na kinga yake imezoea kwa kiasi fulani. Kijana wa Singida alifika akiwa mtu mzima na mwili mpya kabisa kwa jambo hili.

Vipimo vilifuata, na havikuwa vya kufurahisha. Choo cha siku ya kwanza kilipimwa kwa njia ya Kato-Katz, ambayo hutumia kibao chenye tundu linalobeba miligramu 41.7 za choo. Hakukuonekana yai. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu, katika kioo cha pili, mtaalamu wa maabara alikuta yai moja lenye mwiba ubavuni, alama isiyo na ubishi ya S. mansoni. Yai moja kwenye kioo huzidishwa kwa 24 kupata idadi ya mayai kwa kila gramu ya choo, na 24 ni maambukizi mepesi. Hesabu huitwa mepesi mpaka 99. Kipimo cha mkojo kinachotafuta vitu vinavyotolewa na mnyoo, kile cha CCA, kilionyesha mstari hafifu. Eosinofili, chembe nyeupe ambazo huongezeka mwili unapopambana na minyoo, zilikuwa zimepanda kwenye damu. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa meupe lakini yenye chembe nyingi za limfosaiti, eosinofili chache na protini nyingi. TB haikuonekana humo, kaswende haikuonekana. Picha ya MRI ilionyesha ncha ya ugwe imevimba, ikinyonya dawa ya picha kwa madoa madoa, kuanzia pingili ya 11 ya kifua hadi ya kwanza ya kiuno. Pingili zenyewe zilikuwa nzima.

Msomaji makini atauliza: yai moja? Mtu mwenye yai moja amepooza, na yule wa kambi hiyo hiyo mwenye mayai mia tano anavuta nyavu? Ndivyo ilivyo, na ndiyo ajabu ya ugonjwa huu. Kichocho cha ini ni ugonjwa wa wingi na wa miaka. Minyoo mingi, mayai mengi, ini linajaa makovu, bandama inavimba, mtu anatapika damu. Kichocho cha mgongo hakitaki wingi. Kinataka yai lifike mahali pabaya na mwili ulikasirikie. Ndiyo maana huwapata vijana, wageni na hata watalii walioogelea mara chache tu, na mara nyingi wenye ini zima na bandama isiyoguswa. Kwa wengi ndiyo dalili ya kwanza kabisa kwamba wana kichocho. Katika ripoti za wagonjwa wa aina hii, choo hushindwa kuonyesha mayai kwa sehemu kubwa yao. Choo kisicho na yai hakimtoi mtu kwenye orodha.

Kipimo cha kingamwili kwenye damu nacho husaidia kwa mtalii aliyerudi Ulaya, lakini kwa mkazi wa ufukweni hakina uzito mkubwa, kwa kuwa kinasoma chanya hata kwa aliyeugua zamani akapona. Uthibitisho kamili ni kukata kipande cha ugwe na kuliona yai ndani yake, na hakuna anayependa kumkata ugwe kijana ambaye dawa inaweza kumsimamisha. Kwa hiyo utambuzi wa kisa hiki ni wa uwezekano mkubwa. Aliyekaa akisubiri uhakika angempoteza.

Yai hufikaje mgongoni? Minyoo dume na jike huishi wawili wawili, wamekumbatiana ndani ya mishipa ya vena ya utumbo. Jike la S. mansoni hutaga mayai mamia kwa siku, na karibu nusu hayafanikiwi kutoka nje. Mengi husukumwa na damu kwenda ini. Lakini vena za tumbo na nyonga zimeunganishwa na mtandao wa vena unaopanda kando ya uti wa mgongo, ambao Oscar Batson, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, aliueleza mwaka 1940. Mtandao huo hauna vali, kama bomba ambalo fundi alisahau kulifungia kizuizi cha maji kurudi nyuma. Mtu akijikamua, akikohoa au akinyanyua mzigo mzito, shinikizo la tumbo hupanda na damu inaweza kurudi kinyume, ikaingia mgongoni na chochote ilichobeba. Wengine wanaamini kuwa minyoo yenyewe hupotea njia ikataga huko huko. Mwiba wa ubavuni hufanya yai likwame mapema, chini ya ugwe. Mayai ya S. japonicum wa Asia ni madogo na hayana mwiba wa maana, na yale hufika mpaka ubongoni.

Basi huenda injini ya mtumbwi haikuwa na kosa lolote, au huenda ilikuwa nalo kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Sitaki kulitia mkazo. Mayai huenda yalishafika wiki nyingi kabla.

Yai lenyewe ni dogo, kama sehemu ya saba ya milimita kwa urefu. Haliwezi kumbana mtu ugwe. Kinachobana ni jibu la mwili: chembe nyeupe hulizingira tabaka kwa tabaka na kufanya kinundu, na pembeni yake uvimbe wa maji. Utumboni kinundu kama hicho hakionekani hata kwa mwenyewe. Nchani mwa ugwe hakuna nafasi ya ziada. Ukilielewa hili, matibabu yanajieleza.

Prazikwanteli huua minyoo mikubwa. Haiuwi mayai, wala haipunguzi uvimbe. Minyoo michanga ya wiki chache nayo huiponyoka. Mgonjwa wa mgongo akipewa prazikwanteli peke yake amekatiwa chanzo cha mayai mapya, jambo jema, lakini kile kinachombana jioni hii kimebaki palepale. Kinachookoa miguu katika siku za kwanza ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na hasira ya kinga ya mwili.

Kijana alianza usiku ule ule, kabla ya MRI na kabla ya yai kuonekana. Kwanza alipewa ivermektini, kwa sababu steroidi nyingi zinaweza kumfungulia njia mnyoo mwingine wa utumbo, Strongyloides, akatapakaa mwilini na kuua. Kisha methilipredinisoloni gramu 1 kwa mshipa kila siku kwa siku tano, halafu vidonge vya predinisoloni. Prazikwanteli ilifuata kesho yake baada ya kula. Uzito wake kilo 58, kwa miligramu 40 kwa kilo, vikawa vidonge vinne vya miligramu 600. Wapo madaktari wanaotoa 60 kwa kilo kwa ugonjwa wa mgongo. Pale ambapo methilipredinisoloni haipo, deksamethasoni hutumika, ila ikumbukwe kwamba deksamethasoni hupunguza sana kiwango cha prazikwanteli kwenye damu.

Ugomvi mkubwa zaidi wa wodini ulikuwa huu: kwa nini tusianze dawa za TB pia, tukae salama pande zote? Inasikika kama busara. Lakini rifampisini, nguzo ya matibabu ya TB, hulichochea ini kuvunja dawa nyingine, na prazikwanteli ni miongoni mwa zinazovunjwa vibaya mno, kiasi kwamba damu inabaki karibu haina kitu. Predinisoloni nayo hushuka. Kwa hiyo anayemtibu mgonjwa huyu kwa TB "kwa tahadhari" anaweza kuwa amezima dawa zote mbili za ugonjwa unaohitaji kutibiwa, kisha akaona haponi, akaandika kuwa kichocho hakikuwa chenyewe. Kwa mtu asiye na homa, asiyekonda, mwenye pingili nzima na maji ya uti yasiyo na TB, kungoja siku chache kulikuwa halali. TB ingebaki kwenye orodha iwapo steroidi zisingeonyesha kitu.

Zilionyesha. Siku ya nne dole gumba la kulia lilicheza, na kijana akaliita jina la mjomba wake kwa sauti iliyoamsha wodi. Siku ya kumi alisimama akishika ukingo wa kitanda. Wiki ya tatu alitembea kwa fremu. Kibofu kilichelewa, kama kawaida yake. Alifundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi mara nne kwa siku, jambo ambalo kambini lilihitaji ndoo ya maji yaliyochemshwa, sabuni, na faragha. La mwisho ndilo lililokuwa gumu kupatikana.

Wiki ya sita alirudia prazikwanteli kwa ajili ya minyoo iliyokuwa michanga mara ya kwanza. Wiki ya tisa akaletwa tena, miguu imelegea upya. Alikuwa ameacha predinisoloni. Uso ulikuwa umemviringika, watu wa kambi wakawa wanamwambia amenawiri, naye miguu ilishapona, sasa vidonge vya nini? Madaktari wa Brazili, hasa wa jimbo la Minas Gerais ambako S. mansoni amekaa kwa karne nyingi, wana uzoefu mkubwa kuliko wengine katika hili, na ripoti yao ya mwaka 2004 ya wagonjwa 63 ni mojawapo ya kubwa zilizopo. Fundisho lao la vitendo ni kwamba steroidi ziendelee kwa miezi, karibu nusu mwaka, na zishushwe taratibu, kwa maana wanaokatiwa mapema hurudi. Yai huchukua muda mrefu kuyeyuka baada ya mnyoo aliyelitaga kufa. Dozi ilirudishwa juu, na baada ya siku nane akawa anatembea.

Inafaa ijulikane kuwa dozi na muda huu vinatokana na ripoti za wagonjwa na uzoefu. Majaribio ya kulinganisha makundi ya wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu hayapo kwa ugonjwa wa mgongo, na sioni yakija karibuni, kwa kuwa wagonjwa hutokea mmoja mmoja, na nani atakubali kulinyima kundi moja steroidi?

Pale tafiti zilipo nyingi ni kwenye ugawaji wa dawa kwa umma, na Mwanza imo ndani yake. Katika muongo uliopita vijiji 150 vya kanda hii viliingizwa kwenye utafiti wa miaka kadhaa uliolinganisha kugawa prazikwanteli shuleni tu na kugawa kwa kijiji kizima, kila mwaka au kwa kuruka miaka. Maambukizi kwa watoto yalishuka, lakini hakuna mpangilio ulioyapita mingine waziwazi, na kulikuwa na vijiji vilivyogoma kushuka hata dawa ilipotolewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaotaka dawa iwafikie wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo, mahali ambapo maambukizi yamefika asilimia 10. Watoto wadogo zaidi nao wamepata kidonge chao kinachoyeyuka majini, arprazikwanteli, kilichopewa maoni mazuri na mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023.

Hayo yote ni mazuri, lakini mvuvi wetu hayumo. Si mwanafunzi. Si mkazi wa kudumu wa kijiji chochote. Dagaa wakihama naye anahama. Wagawa dawa wakifika mchana anakuwa amelala, au yuko mwalo mwingine. Ukimwambia asiingie majini unamwambia aache kazi. Tena vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, katikati ya mchana, saa ile ile ambayo watu wa dagaa huamka kuoga. Kinachowezekana ni kuoga maji ya ndoo yaliyochotwa juzi, maana vijidudu visivyopata ngozi hufa ndani ya siku mbili, na kuhamishia ugawaji wa dawa kwenye mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu mitumbwi iko nchi kavu, watu wako kambini, wanashona nyavu na kulipana. Sielewi kwa nini kalenda ya dawa katika visiwa isipangwe kwa mwezi wa angani.

Kwa kambi ya kijana huyu ilifanyika hivyo. Mjomba ndiye aliyewaita mabaharia wake, na wote walikula ugali kwanza ndipo wakameza, kwani prazikwanteli kwenye tumbo tupu huwachefua watu wakaapa kutoirudia. Mmoja alikutwa na bandama iliyoshuka mpaka usawa wa kitovu na akaandikiwa rufaa yake mwenyewe.

Kijana alimaliza predinisoloni katika mwezi wa saba wa matibabu. Hatumii fimbo, ingawa kisigino cha kulia hakijarudisha nguvu yote na ngazi humchosha. Amehamia mjini, anahesabu na kupima magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba. Mkojo anautoa mwenyewe bila mpira, lakini utrasaundi ya mwisho ilionyesha mililita 120 zimebaki kibofuni baada ya kukojoa, kwa hiyo bado anahudhuria kliniki kila miezi mitatu, apimwe figo na mkojo.